Spana Iliyobaki Tumboni

Vumbi la Natta halijali cheo. Linatua juu ya ng'ombe, linatua juu ya magari ya watalii, linatua juu ya ndege ya kivita iliyoletwa vipande vipande kwenye lori ili isimame mbele ya makumbusho madogo, ing'ae, ipigwe picha. Kila asubuhi Athumani huifuta, na kufikia adhuhuri vumbi limesharudi.

Amechoka Athumani. Magoti yamechoka, macho yamechoka, msasa umemla ncha za vidole. Zamani, jeshini, alikuwa fundi wa ndege hii hii. Ndiyo maana watu wa makumbusho walimfuata mjini Mugumu, kwenye kibanda chake cha kuchomelea mageti. Aliitikia upesi mno, mzee wa miaka sabini, kama aliyeitwa na mchumba.

Siku ya Jumanne alifungua kifuniko cha tumboni mwa ndege, akaingiza mkono, akagusa spana. Namba kumi na tatu, imeshika kutu, imejibana kwenye vyuma vya usukani.

Ewe spana, mbona hukuanguka sakafuni ukalia, tukakuokota?

Jeshini, kazi ikiisha, vifaa vilihesabiwa. Kila kimoja kilichorewa umbo lake ubaoni. Umbo moja likibaki tupu, ndege hairuki. Siku moja umbo la spana lilibaki tupu, na Athumani, kijana aliyemwogopa mkubwa wake, akakimbia dukani, akanunua spana nyingine, akaitundika. Hesabu ikatimia. Kesho yake rubani, Nashoni, akairusha ndege. Usukani ukakwama wakati wa kutua, mguu wa Nashoni ukavunjika, na ripoti ikasema ni uzembe wa rubani. Nashoni akafukuzwa kazi. Athumani alishuku, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomchosha, kuliko msasa, kuliko miaka.

"Itupe tu hiyo, mzee," alisema Felista, mkuu wa makumbusho. "Keshokutwa wageni wanakuja."

Hakuitupa. Alipanda pikipiki hadi Nyambureti, akamkuta Nashoni zizini, ameegemea fimbo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Afande gani tena, mchunga ng'ombe huyu?"

Athumani akamwekea spana kiganjani, akasema yote. Akasubiri tusi. Akasubiri fimbo.

Nashoni aliigeuza spana, akaigeuza tena.

"Miaka arobaini na tano naulaumu mkono huu," alisema. "Hata baiskeli, niliogopa kumpakia mtoto. Mama wa watoto wangu amekufa anajua kosa ni langu."

Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni, kwa binti yake.

"Waisiko! Waite na kaka zako. Njooni wote!"

Akamgeukia Athumani, machozi yanamtoka bila aibu.

"Sema tena. Sema polepole, wasikie."

Wakaja, wakasimama kando ya zizi, mikono ya Waisiko ikiwa bado na unga. Amechoka Athumani, amechoka kwelikweli. Akavuta pumzi, akaanza upya, kuanzia pale alipokimbia dukani.