Uso wa Kujazia Filamu

Saa saba mchana, sufuria ya matumbo ya Philister ilikuwa bado imejaa pomoni. Siku nyingine angekuwa ashaanza kukwangua chini, wachinjaji wa Dagoretti wakigombania mchuzi. Leo walipita kwa mbali, wakamsalimia kwa sauti ya matangani, wakaenda kula kwa Nthenya, mpishi wa kibanda cha pili. Afadhali wangemtukana.

Wala si msiba wa kujitakia huu. Mwezi uliopita alikuja kijana wa kamera, Dedan, akamwomba ampige picha akipakua. Alisema anatengenezea shirika fulani filamu, na watu wakiongea tu mwanzo mwisho, watazamaji husinzia. Kwa hivyo alitaka picha za soko za kujazia, filamu ichangamke. Philister, maskini, akabadilisha leso, akacheka, akamwongezea na nyama. Juzi filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni. Sauti nzito ikasema maelfu ya akina mama wanaishi na virusi vya Ukimwi, na papo hapo, mama wee, uso wa Philister ukajaa kioo kizima, mwiko mkononi.

Sufuria hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Akaitia kikapuni pamoja na sahani, akashika njia ya Kilimani, kwenye ofisi za shirika. Soja wa getini alimwanika juani hadi akachoka kumwona, akamfungulia. Ndani, Bwana Lenox, msemaji wa shirika, alimpa kiti na kumweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma, kwamba jina lake halikutajwa popote. Ile ilikuwa picha ya kujazia tu. Tena wafadhili walikuwa wameipenda sana.

"Nataka mseme kwa hiyo TV kwamba si mimi," Philister alisema. "Mimi sina hiyo ugonjwa. Nilipimwa."

"Mama, tukisema hivyo, itakuwa kama tunasema ni aibu kuwa nao. Sisi tunapigana na unyanyapaa."

"Na watoto wangu wakule nini? Wakule huo unyanyapaa?"

Lenox akashusha pumzi. Alisema kosa halikuwa la filamu, lilikuwa la ujinga wa watu wa soko. Walihitaji kuelimishwa kwamba virusi haviambukizwi kwa chakula, hata kama mpishi anavyo. Neno hilo alilisema vizuri, kwa moyo, na lilikuwa kweli tupu.

Philister akafunua sufuria. Akapakua sahani, akamsukumia.

"Kula, basi."

Lenox aliitazama sahani, kisha saa yake. Akasema asante sana, mama, lakini ameshiba. Akamwita karani wake, Rachael, aje aonje. Rachael alisimama mlangoni, akasema leo amefunga.

Philister akachukua glasi ya maji iliyokuwa mbele ya Lenox, akanawia mikono juu ya kapu la taka, akavuta sahani, akaanza kula. Alikula pale pale mezani, bila haraka. Hakuna aliyemwambia atoke, na hakuna aliyesogea karibu.