Simu Thelathini na Mbili za Mzee Ngusa

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema kabla Shamsia hajanisemea. Mimi ndiye jirani yake wa fremu ya pili hapa Pangani, Pangani ya Kibaha, siyo ile ya Tanga. Nina mashine ya fotokopi na ulimi usiojua likizo. Asubuhi ile mzee wa Kisukuma aliposimama mbele ya duka la Shamsia na fimbo yake begani, nilichungulia mlangoni, nikamkonyeza jirani yangu na kumwambia, "Huyo mtani wako anakutania tu. Mjibu!"

Akamjibu. Yaliyofuata nitayasimulia bila kujisafisha, maana hata sabuni yenyewe siku hizi imepanda bei.

Shamsia ni Mzaramo wa Mzenga, kule Kisarawe, binti wa watu wa mihogo na korosho. Miaka sita aliuza vocha na kusajili laini chini ya mwavuli, jua likimpiga upande mmoja, mpaka uso ukawa na rangi mbili kama kanga iliyoanikwa nusu. Ndipo akapata fremu. Akapaka rangi mwenyewe, akanunua kabati la kioo, akaandikisha juu ya mlango kwa herufi kubwa: MZENGA SIMU. Kila asubuhi alilifuta kabati lile kama mtu anayemwogesha mtoto wa kwanza.

Lakini mtaa ni mtaa. Watu walipita wakamwita vilevile, "Dada wa vocha, nipe ya buku!" Yeye anauza simu mpya ndani ya boksi, na risiti, na waranti, watu wanamwita dada wa vocha. Jambo hilo lilimchoma kuliko jua la miaka sita.

Dawa yake aliijua. Muuzaji wa jumla wa Kariakoo alikuwa amemwambia, "Dada, uza simu arobaini ndani ya mwezi huu, nakufanya wakala wangu wa Kibaha nzima. Bango nakuletea mwenyewe. Ukishindwa, kuna mwenzio hapo stendi anaitaka nafasi hiyo." Mwezi ulibakiza siku nane. Shamsia alikuwa ameuza simu tisa, na moja kati ya hizo tisa alimuuzia mama yake mzazi.

Sasa huyo mzee.

"Mwangaluka, mtani," alisema, akaegemea kabati la kioo.

"Mwangaluka na wewe. Ng'ombe umewaacha na nani?"

"Nimewaacha na wenye akili. Wewe ngoma umeiacha na nani? Mzaramo kusimama dukani mpaka saa nne, kuna mtu amekufa?"

Wateja wawili wa fotokopi wakacheka. Wageni wa huku watashangaa, lakini Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu. Wanatukanana kwa mapenzi, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu.

"Nataka simu," mzee akasema. "Thelathini na mbili."

Hapo ndipo nilipotia mdomo wangu. Shamsia akanitazama, akatabasamu, akamgeukia mzee.

"Thelathini na mbili? Kila ng'ombe na yake? Mtani, anza na moja, ujifunze kwanza upande wa kuongelea ni upi!"

Tulicheka mpaka mashine yangu ikatafuna karatasi. Mzee naye akacheka, tena kwa sauti kuliko sisi sote, akapangusa macho kwa ncha ya shuka lake.

"Wazaramo bwana. Mtu anawaletea kazi, nyinyi mnamwekea ngoma ya mdundiko." Akaondoka na fimbo yake, anacheka.

"Karibu tena ukishauza jogoo!" Shamsia akamsindikiza kwa maneno.

Kesho yake akaja Elina, anayetuletea maziwa kutoka Magindu. Hata dumu hakulitua.

"Dada Shamsia, ni kweli jana umemfukuza Mzee Ngusa?"

"Mzee Ngusa ndiye nani?"

"Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji! Tumechanga miezi mitano. Kila mchungaji apate simu, ili ng'ombe akikaribia shamba la mtu, mkulima apige simu kabla hajashika panga. Pesa yote alikuwa nayo kiunoni. Kasema kwenye duka la Mzaramo wamemchekesha sana, ila simu hawana."

Shamsia akakaa kwenye kigoda. Baadaye akainuka, akaja mlangoni kwangu taratibu. Nilijua anakuja kunikata.

"Kaka, utani wako umekula simu thelathini na mbili."

Nikamwambia nitamfotokopia risiti bure mwaka mzima. Akaniangalia kama unavyoangalia sahani ya mtu aliyekula akamaliza nyama peke yake.

Lakini huyu mama hakulia. Alimkalisha Elina, akaanza kumhoji. Huko malishoni mnachaji wapi? Jua kali mkishika simu mnaona kitu? Simu ikianguka inaangukia nini? Elina akajibu moja moja, na kadiri alivyojibu Shamsia akawa anatazama kabati lake la kioo. Mle ndani kulijaa simu za kupangusa, nyembamba, zinang'aa, nzuri kwa kupigia picha harusini. Huko Magindu zingekuwa marehemu kabla ya Ijumaa.

Siku ileile alizirudisha simu zote za kupangusa Kariakoo, maboksi hayajafunguliwa, akabadilishana na vitochi, zile simu ndogo za batani zenye tochi kichwani. Muuzaji wa jumla alimuuliza, "Dada, una uhakika? Nikishabadilisha hivi sirudii." Akasema ana uhakika. Uhakika hakuwa nao, alikuwa na kiburi tu, lakini siku nyingine kiburi kinatosha kumfikisha mtu Magindu.

Keshokutwa yake, na ya huko nayasema kama alivyonisimulia mwenyewe, akapanda pikipiki kutoka Mlandizi, mzigo umefungwa nyuma kwa mpira, mashine ya kusajilia laini kifuani kama mtoto mchanga. Elina alikuwa amemwelekeza: ukifika kwenye mti wenye mzinga, uliza tena.

Alimkuta Mzee Ngusa zizini, anamkagua ndama kwato. Shamsia akavua viatu, akainama.

"Shikamoo baba."

"Baba yako nani? Mimi mtani wako." Hakugeuka hata.

"Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile sikujua kama—"

"Nyamaza!" Sasa akageuka, macho yanacheka, uso haucheki. "Mtani haombi radhi. Ukiniomba radhi utakuwa umenitukana kweli. Mtani anatozwa."

"Nitoze."

"Hawa ndama hawajanywa maji. Ndoo kumi. Kisima kile pale."

Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga. Shamsia akakunja baibui lake, akalifunga kiunoni kwa kanga, akashika ndoo. Ya kwanza ilimmwagikia nusu. Ya tatu ndama mmoja akamlamba shavu kwa ulimi kama msasa, wanawake wakapiga vigelegele.

"Mtani, amekupenda huyo!" mzee akapaza sauti. "Nikuozeshe?"

"Mahari yangu utaiweza? Utabaki na fimbo tu!"

"Gete, kweli kabisa, ya kwako nitalipa kwa kuku!"

Alimaliza ndoo kumi. Mzee akamvutia kigoda, akaagiza aletewe maziwa mgando kwenye kibuyu. Hapo ndipo Shamsia akajua kwamba kesi imekwisha na biashara haijaanza bado.

Maana Mzee Ngusa alitoa kitambaa, akakifungua, akapanga juu ya kigoda kingine simu sita za kupangusa. Mbili vioo vimepasuka. Nne hazikuwaka.

"Hizi alituletea kijana mmoja mwaka jana, akatuambia ni moto wa kuotea mbali. Kule lamboni tunakonyweshea hazishiki mtandao, jioni zimeshakufa. Watu wangu hawataki kusikia tena neno simu. Mimi ndiye niliyewasihi wachange upya. Nikiwapelekea takataka mara ya pili, uenyekiti wangu nitautumia kufungia kuni."

Shamsia akaelewa. Mzee naye alikuwa na bango lake la kutundika.

"Mlikuwa mnatumia laini ngapi?" akauliza.

"Moja. Mtu ana mdomo mmoja, anataka laini ngapi?"

"Mbili. Miaka ile ya mwavuli nimekuja Magindu hii siku za mnada, nimezunguka na laini mkononi mpaka visigino vikapasuka. Lamboni mtandao mmoja unashika, mwingine unalala. Ukipanda kule kilimani inabadilishana zamu. Mchungaji hakai mahali pamoja, basi simu yake iwe na laini zote mbili. Hivi vitochi vinazibeba zote, na chaji inakaa siku nne."

Mzee alimwita mwanamke mmoja, Maria, akamwambia awaite wote.

Wakaja, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na fimbo yake. Wengi walikuwa na laini moja, ya pili ilibidi wasajiliwe palepale kwa alama za vidole. Balaa likaanzia hapo. Wa kwanza kuweka kidole alikuwa Magembe, jitu refu linalochungia kule mbali lamboni. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Akaja Maria, ikakataa.

"Mashine imeona Wasukuma, imeogopa," mtu akasema. Watu wakacheka, lakini Shamsia alisikia kicheko kile kina mashaka ndani yake. Walishauziwa ndoto mara moja hawa.

Akakishika kiganja cha Magembe, akakigeuza kwenye mwanga. Vidole vilikuwa laini kama kokoto za mtoni. Kamba na kukamua vimekula alama zote.

"Nileteeni maji ya moto, na samli," akasema.

"Unataka kumla?" mzee akauliza.

"Nataka kumtafuta. Kajificha humu ndani."

Akawaosha vidole kwa maji ya moto, mmoja baada ya mwingine, akawapaka samli, akawasugua taratibu, akasubiri ngozi inywe, akawafuta kwa kanga yake. Chini ya mwavuli aliwafanyia hivyo wapasua kokoto na akina mama wa mkaa, mamia kwa mamia, hakuna aliyemwona wala kumsifu. Magembe akaweka kidole tena. Mashine ikawaza, ikawaza, ikakubali. Watu wakapiga makofi kana kwamba amezaliwa upya.

Mpaka saa tisa alikuwa amemaliza wote. Mzee Ngusa alikuwa wa mwisho.

"Haya maneno yamekuwa mazuri," mzee akasema, akijifuta samli. "Lakini simu haipigiwi zizini. Kila mtu aende pale anapochungia. Wewe utawapigia kutoka hapa. Zikilia, unachukua pesa yako. Ikikosa kulia hata moja tu, unafunga mzigo wako wote na mpira wako."

"Hata moja?"

"Hata moja, mtani. Mimi nilicheka dukani kwako. Hapa sicheki."

Wakatawanyika. Shamsia akapanda juu ya kichuguu, akangoja karibu saa nzima. Aliwaza kabati lake kule Pangani, tupu, halina hata simu ya kurudia. Mzee alisimama chini yake na fimbo. Elina, aliyekuwa amerudi kutoka mjini, alikuja akasimama naye.

Akaanza na Magembe, wa mbali kuliko wote. Akabonyeza. Kimya. Kimya kirefu, kama mtu anayefikiria kukukopesha. Halafu, tuu... tuu...

"Inaita!" akasema.

"Inaita sikioni mwako," mzee akasema. "Kwake je?"

Iliita mpaka ikakata. Hakupokea mtu. Shamsia akaihakiki namba. Akapiga tena, ikaita tena, ikakata tena.

Ndipo kutoka mbali huko ukaja mluzi. Mluzi mrefu wa wachungaji, ukapokelewa na mwingine karibu kidogo, na mwingine, ukavuka kichaka baada ya kichaka mpaka ukafika kwa Maria aliyekuwa kwenye mwinuko wa karibu. Maria akaweka mikono mdomoni.

"Inaliaaa! Magembe anasema inalia kama kengele ya kanisa! Ng'ombe wamegeuka wanaitazama!"

"Sasa mbona hapokei?" Shamsia akapaza sauti.

"Anasema akipokea itanyamaza!"

Mzee Ngusa akaangalia chini, mabega yanatikisika. Shamsia akapiga ya pili. Mluzi. Ya tatu. Mluzi. Ya saba, kule kilimani ambako wote walikuwa na wasiwasi, namba ya kwanza haikupatikana, akapiga laini ya pili, ikalia. Mluzi. Pori lote likawa linapiga miluzi, na kila mluzi Shamsia alisimama wima zaidi juu ya kile kichuguu, mpaka akaonekana mrefu kuliko alivyo. Alipofika thelathini na moja, mzee alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa cha kiunoni.

Tisa na thelathini na mbili: hesabu hiyo hata mimi wa fotokopi naiweza.

Ilibaki moja, ya mzee mwenyewe. Shamsia akateremka, akasimama mbele yake, hatua mbili tu, akaipiga. Ikalia mkononi mwa mzee kwa nguvu, tochi yake inawakawaka. Mzee akaiinua juu ili Elina aione, na wale wanawake wa kinuni, na ndama. Kisha akaishusha akaiweka kifuani, akafumba macho.

Shamsia alikuwa na sentensi yake tayari. Aliitunza tangu siku alipopaka rangi ile fremu: "Hujambo, hapa ni Mzenga Simu, mimi ndiye mwenye duka." Alitaka mtu mmoja aisikie kwenye simu aliyomuuzia yeye.

"Mtani," akasema, simu sikioni, "naomba upokee. Mara moja tu. Nina neno dogo."

Simu ikaendelea kulia.