Skripti za Kumtetea Mjomba

Ofisini walimwita Injinia, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumsifu, maana kazi hiyo aliifanya vizuri mwenyewe. Yeye na wenzake walitunza maktaba. Si ya vitabu, ni rundo la programu ndogondogo ambazo programu nyingine zote za kampuni ziliziegemea. Wiki hiyo maktaba ilianguka, yaani ilizimika ghafla, kila siku saa nne kamili asubuhi, kwa nidhamu ambayo wafanyakazi wenyewe hawakuwa nayo.

Bosi, ambaye mara ya mwisho alipoandika programu bado alikuwa na nywele kichwani, alichunguza kwa dakika nzima na kumpata mkosaji.

"Ni Mjomba. Sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta kaandika yeye, na yeye kumbukumbu zimeshamtoka. Ijumaa aage."

Mjomba huyo alikuwa mjomba wa Injinia hasa, kaka wa mama yake, aliyemfundisha kazi angali binti na kumwingiza pale. Injinia akaja juu.

"Bosi, tusimwonee mtu. Tuijenge maktaba upya, na safari hii tusakinishe zile skripti za kutafuta hitilafu. Zitatuambia ni mstari gani, na aliyeuandika tutamjua."

Skripti zilikuwepo siku zote. Kwenye mipangilio ya ujenzi palikuwa na mstari unaouliza kama zisakinishwe, na kwa miaka tisa jibu lilikuwa "hapana". Bosi alikuwa na falsafa yake: mteja akikuta vifaa vya kutafuta makosa, si atadhani tuna makosa? Kwa hekima hiyohiyo hospitali zingefungwa, na wagonjwa wote wangepona.

Cha ajabu, Mjomba naye alimuunga mkono Bosi. Alisema skripti zitajaza diski. Alipoonyeshwa kuwa zote kwa pamoja ni ndogo kuliko picha ya Bosi iliyo kwenye tovuti, akasema zitachelewesha ujenzi.

"Kwani una hamu ya kufukuzwa, Mjomba?"

"Achana nayo, mwanangu. Mimi nimeshachoka."

Uzee huo, alijisemea Injinia, akamhurumia, na huruma yenyewe ilikuwa na chembe ya dharau. Akabadilisha "hapana" kuwa "ndiyo", akaijenga maktaba upya.

Kesho yake saa nne maktaba ikaanguka, haikumwangusha mtu. Injinia akafungua mabaki yake, ile rekodi ambayo programu huiacha inapoanguka. Jana zingekuwa tarakimu tupu kurasa kwa kurasa. Leo skripti zilieleza kwa lugha ya watu: kipande hiki cha kumbukumbu kimerudishwa mara mbili, kosa linalotosha kuiangusha programu. Mara ya pili, faili la foleni, mstari wa 412.

Faili la foleni aliliandika yeye. Akasoma tena polepole, akitumaini skripti nazo zimezeeka. Mstari ule aliuongeza mwezi uliopita, akakataa ukaguliwe na mtu, kwani nani pale angemkagua?

Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Nilijua tangu Jumatatu," alisema kwa sauti ya chini. "Hizo tarakimu ndizo nilizokua nazo, nazisoma hivyohivyo. Rudisha 'hapana', mama. Ya Ijumaa mimi nimeshayakubali. Wewe una watoto wadogo."

Injinia aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Siku zote hizo alikuwa akimhurumia mtu aliyembeba.

Mlango ukafunguka, Bosi akaingia na barua ya kumfukuza Mjomba, imeshapigwa muhuri. "Haya, hizo skripti zenu zimemtaja nani?"

"Mimi," Mjomba akawahi.

"Si kweli, Bosi," alisema Injinia. "Mjomba ananifichia. Mstari ni wangu."

Bosi akaitazama skrini asiyoielewa, kisha akaitazama barua. Muhuri ulishapigwa, na kampuni haikuwa na desturi ya kupoteza karatasi nzuri. Akaanza kulikata jina la Mjomba ili aandike la Injinia, lakini kalamu yake ikakauka katikati ya mstari.

Injinia akampa ya kwake.