Philomène Hakunyongwa

Mpaka leo nikipita mbele ya lango la Kasri la Corvaux huwa natema mate chini, mimi mwanamke mzima niliyelelewa na masista. Nisameheni. Lakini sikilizeni kwanza yaliyomkuta rafiki yangu Armande Perruchot, halafu mniambie kama ninyi msingetema.

Sisi wazee wa Saint-Thévenin tuna desturi ya kutembea kila Alhamisi. Tunakutana kanisani kwa sababu ufunguo ninautunza mimi, Ghislaine. Padri wetu ana makanisa mengi mno, na jina la kijiji chetu huwa analitafuta kidogo kabla halijamjia mdomoni. Tukishamaliza kusengenya watu pale mlangoni siku zile tulishika njia ya msituni, chini ya mialoni, tukatokea nyuma ya kasri, kisha tukarudi na matope yetu kula jibini na soseji kavu nyumbani kwa mwenye zamu.

Kasri lenyewe lilikuwa limefungwa tangu mrithi wa mwisho alipofariki. Bundi ndio waliokuwa wenye nyumba. Kisha akaja Bwana Vauquelin kutoka Lyon, akalinunua, akaezeka upya, akapaka madirisha rangi na kulifungulia wageni. Kijiji kilifurahi, nami nilifurahi, sitaki kudanganya. Watalii walianza kunigongea mlango kuomba kuona kanisa, na Firmin mwoka mikate, ambaye alikuwa karibu kufunga duka, akanunua tanuri la pili.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita mvua ilitukamata msituni, karibu kabisa na lango la kasri. Armande akasema, "Jamani, tumezaliwa hapa, tumezeeka hapa, na hatujui ndani kukoje. Leo na sisi tuwe watalii."

Tukakata tiketi huku tukicheka. Aliyetutembeza alikuwa binti mmoja wa chuo, Clélie, mwenye sauti nzuri na adabu zake. Akatupitisha ukumbi wa silaha, akatuonyesha kitanda ambacho eti mfalme alikilalia, ingawa mfalme yupi hakusema. Armande alikuwa akinigusa kiwiko kila mara. Bibi yake alifanya kazi katika nyumba ile, kila mtu kijijini analijua hilo, na alikuwa akitazama ngazi na milango kama mtu anayetafuta alama za vidole.

Mwisho tukashushwa kwenye ghala la chini. Kulikuwa na giza na harufu ya unyevu. Clélie akapunguza sauti.

"Na humu, mabibi na mabwana, ndimo alimofungwa Philomène, yaya mwuaji."

Taa nyekundu ikawaka. Darini lilining'inia sanamu kubwa la nguo, kamba shingoni, aproni imepakwa madoa mekundu, macho yametolewa nje kama ya chura. Kwenye spika kukasikika kicheko cha mwanamke mwendawazimu. Watoto wa watalii walipiga mayowe ya raha. Armande alinishika mkono, kucha zikaniingia.

Niwaambieni Philomène alikuwa nani. Alikuwa bibi yake Armande, mzaa baba. Akiwa msichana tu, na mtoto wake wa kwanza bado mchanga, alichukuliwa kasrini kumnyonyesha mtoto wa wenye nyumba, kwa kuwa bibi mwenye nyumba hakutaka kuharibu kifua chake. Mtoto wake mwenyewe akaachwa kwa maziwa ya mbuzi, na hakumaliza mwaka. Philomène aliruhusiwa kumzika asubuhi, mchana akarudishwa kunyonyesha. Alibaki kumlea yule mtoto wa kasri hadi alipofikisha umri wa kukimbiakimbia na kumwita mama. Ndipo dondakoo lilipopita vijiji vyetu, likabeba watoto wengi, na huyo naye akaenda. Bibi mwenye nyumba akasema yaya amemtilia sumu ili kulipiza kisasi. Philomène akawekwa mahabusu mjini majira yote ya baridi, kisha hakimu akamwachia kwa sababu hapakuwa na lolote la kumshika.

Akarudi kijijini. Unadhani alipokewa? Hakuna aliyenunua mayai yake. Mchana watu walivuka barabara wasikutane naye, ila mwanamke akishikwa na uchungu mbaya walimwita kwa mlango wa nyuma, maana mikono yake ilikuwa na kheri. Alikufa mzee, kitandani, nyumbani kwa mwanawe. Armande alikuwa mtoto wa shule. Hakunyongwa mtu yeyote.

"Binti," Armande aliita pale ghalani, "huyo Philomène alikuwa wa ukoo gani?"

"Historia haisemi, bibi."

"Perruchot. Ni bibi yangu. Alikufa mimi nikimsugua miguu kwa sababu alikuwa anasikia baridi. Nani kakwambia alinyongwa?"

Clélie akababaika. "Mimi... ndivyo nilivyofundishwa, bibi."

Bwana mmoja mwenye kaptula akacheka kwa sauti. "Ala! Huyu naye wamempanga! Ajuza anajua kuigiza kweli kweli!" Na wote wakacheka, mmoja akampiga picha.

Nilitaka kumpiga yule bwana kwa fimbo yangu ya kutembelea. Armande akanivuta.

Tukaenda moja kwa moja kwa Vauquelin. Alitukaribisha vizuri, kahawa mezani, mikono imefumbatana kama padri.

"Mama zangu, nawaelewa. Lakini ile ni hekaya tu. Watu hawasafiri kutoka mbali kuja kuangalia kuta. Wanataka damu kidogo."

"Damu ya nani?" nikamuuliza.

"Ya zamani, mama. Waliohusika wote wameshakufa."

"Mimi sijafa," Armande akasema.

Akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoniudhi kuliko maneno. "Basi tufanye hivi, tubadilishe jina. Tumwite Adèle. Mtaridhika?"

"Na huyo Adèle atakuwa bibi wa nani?" Armande aliuliza, akainuka bila kugusa kahawa.

Tungekuwa tumeishia hapo, pengine ningesema ni ujinga wa mgeni asiyetujua. Lakini kesho yake niliingia dukani kwa Firmin kununua mkate, na nikakuta nini juu ya kaunta? Biskuti zenye umbo la mwanamke, kitanzi cha sukari shingoni, jamu ya stroberi imemwagwa kifuani. Kibao kimeandikwa: *Philomène wa Corvaux*. Firmin huyu! Kijana tuliyemfuta kamasi!

"Firmin," nikamwambia, "hizi nini?"

"Zinatoka vizuri sana, mama Ghislaine. Onja, hii ya bure."

"Baba yako alikuwa azaliwe miguu imetangulia. Unajua aliyemgeuza tumboni ni nani?"

Akatazama kitambaa chake cha kufutia mikono. "Mama, hayo mambo ya kale. Mimi nina matanuri mawili ya kulipia. Na Armande mwenyewe hajaja kulalamika."

"Aje kulalamika kwako? Alipaswa aje anunue bibi yake na jamu?"

Watu walikuwa kwenye foleni, majirani zangu wote, wakijifanya wanachagua mikate. Mmoja wao alikuwa ameshika mfuko wa zile biskuti na akauficha nyuma ya mgongo. Meya naye, nilipokwenda kumwona, aliniambia kasri limewapa ajira vijana wetu, kwa hiyo tuwe wavumilivu. Wavumilivu! Philomène alivumilia mpaka kaburini, na bado hatujamaliza kumtaka avumilie.

Ikafika sikukuu ya Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane, siku ambayo kijiji hujaa wageni kupita siku zote. Baada ya misa Armande aliniambia, "Shoga, usivue viatu vya kutembelea. Twende kasrini."

"Kufanya nini?"

"Kumchukua bibi."

Nilidhani anasema kwa machungu tu. Tukakata tiketi kama watu wengine, tukaingia na kundi kubwa, Clélie mbele. Alipotuona alibadilika rangi. Kule ghalani alianza, "Na humu ndimo alimofungwa..." akanyamaza. Armande alikuwa amekwisha ruka kamba ya kuzuia watu, na mwanamke yule magoti yake ni mabovu, sijui aliruka vipi. Akapanda kwenye kiti cha mateso ambacho nacho ni cha uongo, akatoa kisu chetu cha kukatia jibini na kukata ile kamba. Sanamu likamwangukia mikononi. Akalifunika macho kwa leso yake, akalikumbatia, akapanda ngazi kutoka.

Hakuna aliyemzuia. Na hapo ndipo kilipotokea kioja: wageni wakamfuata! Walidhani ndiyo sehemu ya onyesho. Kundi zima, watoto, mama mwenye mtoto mgongoni, wanaume na kamera zao, wakatoka langoni nyuma ya Armande na kuingia njia ya msituni. Mimi nilikuwa mwisho, najiuliza kama nicheke au nilie. Kulikuwa na mlio wa viatu kwenye majani makavu tu, na mbele kabisa yule bibi mwenye nywele nyeupe amebeba mwenzake.

Tulipofika kanisani hakuingia. Alizunguka nyuma, ukutani, pale ambapo zamani walizikwa watu ambao kijiji hakikuwataka katikati. Akaliweka sanamu kwenye nyasi, akasimama kando ya jiwe dogo lenye msalaba wa chuma.

"Huyu hapa ndiye Philomène," akasema. "Maziwa yake alinyweshwa mtoto wa watu, wake akafa. Wa watu alipokufa naye, yeye akaitwa mwuaji. Alinifundisha kufunga kamba za viatu. Aliogopa mbwa. Hakuwahi kukanyaga lile ghala mlilotoka. Mmelipa tiketi kumcheka mwanamke ambaye hakumkosea mtu."

Kisha, Mungu wangu, mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

"Msipige makofi!" Armande alipiga kelele, sijawahi kumsikia vile. "Nani kawaambia huu ni mchezo? Mnampigia makofi nani? Nendeni zenu!"

Makofi yakafa. Watu wakaanza kuangalia chini, wengine wakaondoka wakinung'unika kwamba hawakuonyeshwa mnara. Msichana mdogo akambana mama yake na kumuuliza, "Kwa hiyo hakumwua?" Armande alimsikia, akainama. "Hakumwua, mwanangu. Alimlilia."

Jioni, tukiwa jikoni kwa Armande, Vauquelin alifika na askari. Askari mwenyewe ni Loïc, kijana wa hapa hapa, alivua kofia kabla ya kuvuka kizingiti. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Badala yake Vauquelin alikuwa anang'aa uso.

"Mama Armande! Wageni hawazungumzi kingine! Kutembea kule msituni, kaburi, yale maneno yako... Njoo utufanyie Jumanne na Jumamosi. Nitakulipa vizuri."

Nawaapia, nilisikia masikio yakinipiga mlio. Armande aliendelea kumenya viazi, akamaliza kile alichokuwa nacho mkononi, kisha akaweka kisu mezani.

"Bibi yangu aliuza maziwa yake katika nyumba ile. Mimi niuze na machozi? Toka jikoni kwangu."

Uso wa Vauquelin ukajifunga. "Basi nataka mali yangu. Huu ni wizi. Askari, andika."

Loïc akakuna kichwa. "Naandika, bwana. Ila nikiandika, nitaandika na kwa nini. Na Mama huyu atasimama mbele ya hakimu kueleza, magazeti yatakuwepo. Unataka sanamu au unataka kesi?"

Alitaka sanamu. Armande alikuwa amekwisha lichana. Akamletea gunia la majani makavu yaliyokuwa tumboni mwa sanamu, na kichwa kile cha macho ya chura juu yake. Aproni alikuwa ameitia kwenye jiko la kuni.

"Majani yako hayo," akasema. "Hesabu kama yametimia."

Ghala la chini lilifungwa wiki ile, eti kwa matengenezo. Lilipofunguliwa tena lilikuwa na mapipa, na siku hizi watu huonjeshwa mvinyo humo. Sababu ni Clélie, aliyegoma kabisa kushuka tena na kusema maneno yale, na wenzake wawili wakamfuata. Alipoteza kazi. Alikuja kuniaga, akaniomba ufunguo, akakaa kanisani peke yake kitambo kirefu. Yeye pekee ndiye aliyemwomba Armande radhi. Vauquelin hajaomba mpaka leo. Meya kwenye hotuba yake ya mwisho wa mwaka alisifu "uelewano mwema kati ya kasri na kijiji", na watu wakashangilia. Firmin bado anauza biskuti zile zile, umbo lile lile, jamu ile ile. Amebadilisha kibao tu. Sasa zinaitwa *Bibi wa Kasri*.

Kwa hiyo sisi wa Alhamisi tumebadilisha njia. Tunapita upande wa pili wa msitu mpaka kijiji cha jirani, mbali kidogo kwa miguu yetu, na mkate tunanunua huko. Ni mkate mbaya, nasema kweli. Unakuwa mgumu kabla hatujafika nyumbani, na Armande inabidi auchovye kwenye supu kwa ajili ya meno yake. Tunaula hivyo hivyo, na Firmin hutuona tukipita nao mbele ya dirisha lake.