Kumwita Aliyecheza Maiti

Sikugundua kwamba siku ile simu haikuwapo mezani. Katika mazungumzo yetu yote ya awali ilikuwapo, imelazwa kando ya kikombe cha Mzee Gaudens, sauti ya Ernestina, mwigizaji mwenzake wa zamani, ikitoka Dar es Salaam kutusahihisha. Nilidhani mzee alipenda tu kuwa na mwenzake karibu. Nimefundishwa kutazama picha za filamu kwa makini, moja baada ya nyingine, lakini meza sikuitazama.

Mzee Gaudens aliigiza katika filamu za kutisha za mwanzo zilizotengenezwa kwetu kwa kamera za video, na katika zote alikuwa maiti. Hakuwahi kuwa bwana harusi wala askari. Alikuwa mfu anayeketi kitandani, mfu anayebisha hodi, mfu anayesimama nyuma ya mlango mke wake akipika. Jina lake liliandikwa mwishoni kabisa, chini ya aliyepika chai. Hata hivyo, watu wazima wa kanisa letu la Burnsville, huku ughaibuni, walioziona kanda hizo utotoni, mpaka leo hawapendi kuketi mahali ambapo yeye atakuwa nyuma yao.

Nilikuwa nikiandika juu ya kazi yake hiyo. Aliwahi kunieleza kanuni waliyojiwekea waigizaji wale: mwongozaji akisema "kata," wengine huinuka, lakini aliyecheza maiti hainuki mpaka mtu anayemjua amwite kwa jina lake tupu, bila mzee, bila bwana. Naye hujibu, "Nipo." Ernestina, aliyempaka unga usoni na kuigiza mjane wake, ndiye aliyekuwa akimwita. Kanuni hiyo niliiweka katika tanbihi, kama jambo la kupendeza.

Mwezi Januari Ernestina alifariki. Nilimpa mzee pole, nikaacha majuma kadhaa yapite, kisha nikaenda mji wa jirani, Apple Valley, mchana mmoja wa theluji nikiwa na kamera. Anaishi huko kwa binti yake Ikupa, muuguzi, ambaye alikuwa bado hajarudi kutoka kazini.

"Leo nionyeshe uso wenyewe, mzee wangu," nilimwomba.

"Utaweza kulala, Profesa?"

"Nimeoa, mzee. Kuogopa si jambo geni."

Alicheka sana, akaweka mikono juu ya magoti. Kisha kicheko kikaondoka usoni mwake kama maji yanavyonywewa na mchanga. Mashavu yalilegea. Macho yalibaki wazi, lakini niliposogea mbele yake niliona kwamba sikuwamo ndani yake. Pumzi zilishuka tumboni hata shati lisitikisike.

"Asante, mzee. Imetosha."

Hakutikisika. Nilitabasamu, nikidhani ananitania, nikazima kamera. Chai yake ilipoa ikafanya utando. Nilipomgusa mkono, ulikuwa baridi kuliko chumba.

Ikupa aliingia na sare zake za kazi, funguo za gari zikiwa bado mkononi.

"Profesa, karibu. Shikamoo, Ba—"

Alimshika kifundo cha mkono. "Mapigo yapo, lakini ya taratibu mno. Baba! Baba, mimi Ikupa." Aliita kwa sauti ya wodini, halafu kwa sauti ya mtoto. "Umemfanya nini?"

Nilimweleza nilichoomba, na kanuni ya waigizaji, na kwamba mwenye kuita alikuwa Ernestina.

"Shangazi Ernestina amezikwa."

"Mzee Gaudens," niliita. Theluji ilikuwa ikigusa dirisha bila sauti.

"Si umesema jina tupu? Basi liseme."

"Ikupa, huyu ni rika la baba yangu."

"Na kwangu mimi ndiye baba! Profesa mzima, unaogopa jina?"

Nilifungua mdomo, neno "mzee" likatangulia tena, lenyewe, kama kikohozi.

"Asipozinduka sasa hivi naita gari la wagonjwa," alisema, "nao watamwita Mista."

Alipiga goti mbele yake, kama alivyozoea kumsalimu. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Nadhani alielewa kwamba jina lile haliwezi kutamkwa kutoka chini, kwa maana aliinuka, akavuta kiti, akaketi ana kwa ana naye, magoti karibu yagusane.

"Gaudens," alisema. Hakupaza sauti. Aliita kama mwanamke amwitavyo mtu wa rika lake aliye upande wa pili wa uwanja. "Gaudens, njoo."

Mzee alipepesa kope.

"Nipo," alijibu. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kwa adabu. "Leo umechelewa kuniita."

Ikupa alimshukuru Mungu, akalia, akamkumbatia, akimwita Baba, Baba. Mzee alimpigapiga mgongoni kama mtu anayemfariji mwenzake wa kazini.

Tangu mchana ule haitikii tena neno "Baba." Ikupa humwita Gaudens, naye huitika.