Mshororo Ambao Kemboi Angeukata

Haki ya Mungu, kisa hiki ni kweli tupu. Anayebisha aende Lanet, kwa kina Kemboi, akaulize.

Mzee Kimaiyo alikuwa mwongo wa kupendwa. Ndiye aliyewaambia watu wa Salgaa kwamba aliwahi kushusha lori mteremko mzima bila usukani, wakamnunulia chai. Lakini wiki aliyokufa rafiki yake Kemboi, uongo ulimtoka kwa huruma.

Jepleting, binti wa Kemboi, hakuwa amesemezana na babake tangu aolewe bila baraka zake. Alifika matangani na swali moja.

"Baba alinitaja?"

Kimaiyo, aliyemuuguza marehemu hadi mwisho, akajibu upesi, "Alikuachia shairi. Yeye akisema, mimi nikiandika."

Jioni, baada ya kumpa karatasi ya shairi hilo, Kimaiyo alimkuta Jepleting nyuma ya jikoni, akihesabu mizani kwa kugonga goti, kama babake alivyomfunza.

*Mwanangu nimekuita, mlango haujafungwa,*
*Yale tuliyoyateta, chuki yote imepungwa.*

"Nane kwa nane," alisema. "Kina cha kati *ta*, cha mwisho *ngwa*. Hakuna kilichoteleza."

"Babako alikuwa fundi."

"Na kila ubeti unaishia mshororo mzima, anko."

"Si ndio vizuri?"

"Baba alikuwa akikata mshororo wa mwisho. Nusu tu. Eti msomaji abaki na njaa. Hata shairi la harusi ya binamu yangu Zeddy alilikata, watu wakadhani karatasi imeraruka."

Kimaiyo alijikuna shingo. "Ugonjwa, mama. Ugonjwa hubadilisha mtu."

"Mgonjwa hufupisha. Harefushi."

Mzee akatafuta hadithi kichwani, akakosa hata moja.

"Baba alisema nini hasa, anko?"

"Nilimtajia jina lako. Akageukia ukuta."

Jepleting aliikunja karatasi polepole. "Programu ya mazishi imeshachapwa. Imeandikwa, shairi la marehemu kwa bintiye. Mimi siwezi kukaa pale nikasomewa huo uongo. Utasimama wewe, uwaambie."

Kesho yake kaburini Kimaiyo akapewa kipaza sauti. Waliomjua walianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo.

"Kemboi hakuacha shairi," alisema. "Nililitunga mimi."

Wakacheka, wakidhani ndio mwanzo wa hadithi. Jepleting aliinamisha kichwa. Mzee akangoja wanyamaze, na walipochelewa, akasema tena.