Wafu wa Getini

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na ukungu wa kuficha hata viatu vyako mwenyewe. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, insha yangu ikiwa mkobani. Jioni ningeisoma kwenye darasa letu la watu wazima, na mwalimu alishasema: asiyefaulu insha hii, jina lake haliingii kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Nina miaka hamsini na minane. Mtihani huo nimeungoja tangu nilipotolewa shule nikiwa na kumi na miwili.

Tulionyeshwa filamu ya mazombi, kisha tukaambiwa tuandike: mtengenezaji wake anamcheka nani? Mimi niliiangalia kwa viganja. Shingo ya kwanza ilipong'atwa tu, nilifunika uso nikaomba ulinzi wa Mungu kwa darasa zima, pamoja na mashine ya kuonyeshea. Filamu yenyewe nilisimuliwa na Msusi, jirani yangu wa dawati.

"Mzee Amina," alininong'oneza, kwa jina la utani nililopewa kwa kusali kwangu, "wafu wamefika dukani. Wanasukuma mlango, na hawana hata mfuko!"

Basi nikaandika kurasa tatu kwamba wanaochekwa ni vijana, wanaotembea wameinamia simu. Kila ukurasa niliuombea.

Nilipofika kiwandani, tunakoshona sare na mimi ni msimamizi wa zamu, geti lilikuwa limefungwa. Nikabonyeza kidole kwenye mashine ya mahudhurio iliyo ukutani. Kimya. Nikabonyeza tena. Wenzangu sita wakafika, kila mmoja akabonyeza chake. Kisha mmoja akaegemea geti, wa pili akamwegemea yeye, na mara tukawa tunasukuma wote, tumelowa, nusu usingizini, tukiguna, "Aaah... fungueni..."

Geti likafunguka kidogo. Akachungulia mwanamume mwenye barakoa na pampu mgongoni, akaruka nyuma.

"Mama yangu! Nyinyi ni watu?"

"Sisi ni zamu ya asubuhi," nikamjibu.

"Leo hakuna kazi, napuliza dawa ya wadudu. Tangazo hamkuliona?"

Tangazo lilikuwa getini, usawa wa pua yangu. Chini yake palikuwa na sahihi yangu. Nililibandika mwenyewe jana jioni, nikasali watu wote walisome. Na hata baada ya kulisoma, nilibonyeza kidole mara moja zaidi.

"Baba," yule mpuliza dawa akasema kwa upole, "nenda nyumbani ukapumzike."

Jioni nilisimama mbele ya darasa. Nikasoma sentensi ya kwanza kuhusu vijana, nikaishia hapo. Nikaweka karatasi mezani, nikasimulia habari za geti. Walicheka hadi Msusi akafuta machozi kwa mkono wa blauzi.

"Anayechekwa ni mimi," nikamalizia. "Wale wafu hawakwenda dukani kununua. Miguu ilikwenda kwa mazoea, kama kidole changu."

Mwalimu, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alitabasamu. "Hiyo ndiyo insha, baba. Ila uliwaonaje wafu dukani, na uso uliufunika toka mwanzo?"

Nilimtazama Msusi. Msusi akatazama dari.

"Nilisimuliwa," nikasema.

"Basi jina lako naliandika kwa penseli. Wiki ijayo nitakuwekea filamu tena, kabla ya kipindi. Ukiiona yote, naliandika kwa wino. Utaiangalia?"

"Ataangalia wapi!" Msusi akadakia. "Huyu hata tangazo lake mwenyewe halioni!"

Darasa likaangua kicheko. Niliweka mkono kifuani.

"Naahidi mbele yenu nyote," nikasema kwa sauti, "nitaiangalia mwanzo hadi mwisho, macho wazi, viganja nimevikalia. Kusali nitamaliza kabla haijawashwa."